Nani Alifute Daraja Lililokwenda na Maji?

Tetemeko la Januari 12, 2010 lilipoiangusha Port-au-Prince, timu za uokoaji ziliwasili Haiti bila ramani ya mji ya kutumainiwa. Picha za setilaiti zikafunguliwa kwa umma, na ndani ya siku chache mamia ya watu wa kujitolea, wengi wao hawajawahi kuikanyaga Haiti, walikuwa wakifuatisha barabara na majengo kwenye kompyuta zao na kuyaweka katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote huichora na yeyote huitumia bila kulipa. Waokoaji wakaipakia kwenye vifaa vyao na kutembea nayo. Mwaka huohuo likaundwa shirika la Humanitarian OpenStreetMap Team, ambalo wenye kazi hiyo huliita HOT. Mwaka 2014 likaungana na Msalaba Mwekundu wa Marekani, wa Uingereza, na Madaktari Wasio na Mipaka kuanzisha Missing Maps, ili mahali pachorwe kabla janga halijapafika.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na kila mara msimulizi hunyamaza pale ramani inapokamilika. Kwa maoni yangu hapo ndipo ugomvi unapoanza. Nani amekubali kuchorwa? Nani ataisoma ramani hiyo mbali na mwokoaji? Na mwaka wa tatu, wafadhili wakishaondoka, nani atafuta kilichobomoka? Ili niyapange maswali haya nimewakalisha pamoja watu watatu wa kubuni: mjumbe wa shina kutoka bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, binti mchoraji ramani aliyeanza kazi akiwa mwanafunzi, na mratibu wa lojistiki wa shirika la misaada kutoka Goma, mashariki mwa Kongo. Wao ni wa kubuni. Matukio wanayotupiana si ya kubuni.

MCHORAJI: Shikamoo, mama.

MJUMBE: Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa lile kundi lililokuwa likipita na simu kupima mitaro?

MCHORAJI: Ndiyo, mama. Ramani Huria, tangu 2015. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 hapa jijini, na sehemu kubwa ya kata zilizofurika hazikuwa na ramani inayoonyesha mtaro unaanzia wapi, unamwaga wapi, umeziba wapi. Tukaingia mitaani, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Mlimani pamoja na vijana wa mitaa yenyewe. Droni ilitupigia picha, lakini droni haioni kalvati iliyo chini ya barabara. Kalvati unaiona ukiinama. Tuliwauliza wenyeji maji yalifika wapi mwilini: kifundo, goti, kiuno, kifua. Majibu hayo tuliyaingiza kwenye InaSAFE, programu iliyotoka Indonesia, nayo inakisia ni majengo mangapi yatafikiwa na maji na watu wangapi watahitaji pa kulala.

MJUMBE: Najua. Kalvati tatu nilikuonyesha mimi. Sasa nikuulize na mie. Desemba ya mwaka uleule, 2015, tingatinga liliingia Mkwajuni kubomoa nyumba. Januari 2016 nyumba za bondeni zikapakwa X nyekundu, alama ya kuvunjwa. Sisemi ramani yenu ndiyo iliyoleta X. X ilikuwa na sheria zake na wakubwa wake. Lakini tangu hapo kijana akija na simu kuniuliza maji yalifika wapi, napima maneno. Nikisema kiuno, unaniletea mtaro au unaniletea tingatinga?

MCHORAJI: Sisi tulitaka mtaro.

MJUMBE: Ulitaka wewe. Atakayeifungua hiyo ramani kesho anataka nini?

Mchoraji hana jibu la haraka, nami sidhani lipo. Ramani ikishakuwa ya wazi haichagui msomaji. Mhandisi wa mitaro anaiona, ofisa wa maafa anaiona, dalali wa viwanja anaiona, na mwenye tingatinga pia. Wachoraji wa ramani za misaada wanalijua hili, lakini wanapenda kulisema kwa sauti ya chini, kwa sababu neno "wazi" ndilo linalowaletea watu wa kujitolea na fedha.

MCHORAJI: Mama, na isipochorwa je? Nyumba isiyo kwenye ramani yoyote ndiyo rahisi kuvunjwa, kwa sababu hakuna pa kuonyesha kwamba ilikuwepo. Fidia inaanza na orodha, na orodha inaanza na ramani.

MJUMBE: Waliopelekwa Mabwepande baada ya mafuriko ya 2011 waliandikwa kwenye daftari, bila droni. Lakini hilo la orodha nakupa. Nimeona watu wakigombania ukuta ambao haukupigwa hata picha.

MRATIBU: Mama Mjumbe, uniruhusu. Kwetu hofu ni ya namna nyingine. Mgonjwa wa kipindupindu analetwa usiku, nesi anaandika jina, umri na mtaa. Mwisho wa wiki daftari limejaa majina ya mitaa, na mimi niliyetumwa na dawa ya kutibu maji sijui mtaa upi unapakana na upi, wala wote hao wanachota maji wapi. Haiti, Oktoba 2010, kipindupindu kilipoingia miezi tisa baada ya tetemeko, Madaktari Wasio na Mipaka walikwama papo hapo: majina yapo kwenye rejista, ramani yenye majina hayo haipo. Ndiyo maana Lubumbashi, kusini mwa Kongo, ikawa miongoni mwa miji ya kwanza ya Missing Maps. Watu wa mbali walichora mapaa na njia, ramani ikachapwa kwenye karatasi, kisha wanafunzi wa huko wakatembea nayo mkononi wakiandika: hii inaitwa hivi, ile inaitwa vile.

MJUMBE: Kwa hiyo mwenye jina ni aliyetembea.

MRATIBU: Ndiye. Mzungu wa London anajua hilo ni paa. Hajui ni kanisa, shule au bucha.

MCHORAJI: Na mimi nakataa jambo moja hapo. Wanasema watu wa mbali ndio waliochora, wenyeji "wakasaidia kutia majina." Nepal inaonyesha kinyume. Kabla ya tetemeko la Aprili 25, 2015 walikuwepo Kathmandu Living Labs, vijana wa palepale, walioanza kuchora shule na hospitali za bonde la Kathmandu mapema. Tetemeko lilipopiga, maelfu ya watu duniani walijitokeza kuchora, lakini wa kuwaambia wachore wapi, wakague nini, jeshi na Msalaba Mwekundu wanahitaji nini asubuhi ile, walikuwa wenyeji. Bila wao ungepata mapaa mengi mno na usijue uanzie lipi.

Hapa ni vema msomaji ajue kazi yenyewe inakwendaje. Eneo lililoombwa huingizwa kwenye mfumo uitwao Tasking Manager na kukatwa miraba midogo. Mtu huchukua mraba mmoja, huchora juu ya picha ya setilaiti, huurudisha. Mwingine mwenye uzoefu hukagua na kuupitisha au kuukataa. Baadaye wenyeji hutembea na simu, wakijaza fomu kwenye KoboToolbox au programu nyingine za aina hiyo: kisima kinatoa maji au kimekauka, zahanati ina friji au haina. Hayo yote yakishaiva, mashirika huyapakua moja kwa moja, au huyakuta HDX, ghala la data la OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada, lililofunguliwa 2014. Dereva wa lori hahitaji kujua lolote kati ya hayo. Yeye anafungua OsmAnd au Organic Maps, programu ambazo huhifadhi ramani ndani ya simu, na njia ya kwenda Masisi, ndani ya Kivu, anaiona hata minara ya simu ikizimwa.

Kuna pia mashine. Mwaka 2019 Microsoft walitoa michoro ya takriban majengo milioni 18 ya Tanzania na Uganda, iliyosomwa na kompyuta kwenye picha za angani. Mwaka 2021 Google wakatoa yao, majengo zaidi ya milioni 500 barani Afrika, kazi ambayo maabara yao ya Accra ilishiriki. Wapo wanaosema kwa takwimu hizo kazi ya mikono imekwisha.

MRATIBU: Mimi naishukuru mashine. Sihitaji ukamilifu. Kabla ya kupakia chanjo nataka kujua kijiji kina mapaa 40 au 400. Mashine ikikosea kumi, naongeza kasha moja, basi.

MCHORAJI: Imekuchorea paa, haijakuchorea mtaro. Wakati mwingine hata mwamba imeuita nyumba.

MJUMBE: Na hayo mapaa 40 umeyahesabia watu wangapi? Nyumba moja ya Tandale, hapa jijini, ina vyumba sita, kila chumba mpangaji na familia yake, na ukumbini amelala mpwa aliyetoka kijijini juzi. Paa moja. Mlete hiyo mashine imhesabu mpwa.

MRATIBU: Kijijini Masisi, mama, paa moja mara nyingi ni nyumba moja.

MJUMBE: Basi itumie Masisi.

Mjumbe kamaliza hoja kwa sentensi moja, na ningependa watu wa makao makuu waisikie. Hakuna kipimo kimoja cha paa kinachofaa kutoka Masisi hadi Tandale. Anayejua tofauti ni mtu anayelipwa kidogo kuliko wote kwenye mnyororo huo, pengine halipwi kabisa.

Swali la uwazi likarudi kwa mlango mwingine, safari hii kupitia mkoa wa Mara. Tangu 2015 mradi uitwao Crowd2Map umekuwa ukichora vijiji vya Tanzania, na chimbuko lake ni wasichana wanaokimbia kukeketwa. Msimu wa ukeketaji ukifika, Desemba, simu inaingia usiku: binti yuko kijiji fulani, gari liende limpeleke nyumba ya hifadhi. Wilaya za huko zilikuwa na ramani tupu, na gari lilipotea njia wakati dakika zinahesabika. Watu wa mabara yote walichora barabara hizo, na wanaharakati wa vijiji wakafundishwa kuongeza majina kwa simu zao.

MJUMBE: Hiyo nimeipenda. Lakini hiyo nyumba mnayowapeleka mabinti, mnaiweka kwenye ramani?

MCHORAJI: Barabara za vijiji, ndiyo. Nyumba yenyewe, mimi singeiweka mpaka wanaoiendesha waniambie wenyewe.

MJUMBE: Kumbe ramani yenu ya wazi ina pazia.

MCHORAJI: Inapaswa kuwa nalo, mama. Tatizo ni kwamba mtu wa Ujerumani anayechora saa sita usiku haoni pazia. Akiona jengo lenye uzio na mtu kaandika mahali pengine jina lake, anaweza kuliongeza kwa nia njema kabisa.

MRATIBU: Na pazia lenyewe huwa halilindi vile tunavyodhani. Kunduz, Afghanistan, Oktoba 3, 2015. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa wamezipa pande zote za vita nambari za mahali hospitali ilipo, na walizituma tena siku chache kabla. Ndege ya jeshi la Marekani iliipiga, watu 42 wakafa. Syria vilevile, hospitali zilizoandikishwa kwa Umoja wa Mataifa ili zisipigwe, baadhi zikapigwa. Kujulikana hakukuwalinda.

MCHORAJI: Basi tufiche hospitali?

MRATIBU: Hapana, na hapa wenzangu wengi wananichukia. Hospitali ya Kivu inajulikana na kila mtu mwenye bunduki. Mama yake alijifungulia humo. Ukiifuta kwenye ramani umemficha mtu mmoja tu njia, dereva mgeni wa ambulensi. Cha kufichwa ni kile kinachotembea. Wakimbizi walilala wapi jana. Msafara utapita wapi kesho. Mgonjwa wa Ebola anaishi nyumba ipi. Butembo na Katwa, Februari 2019, vituo vya matibabu ya Ebola vilishambuliwa na kuchomwa. Vituo vile kila mtu alivijua, havikuhitaji ramani. Lakini familia za waliougua? Ungeweka alama moja ya nyumba zao kwenye ramani ya wazi, ungejibu nini baadaye?

Nimeifikiria kauli hii muda mrefu, na naiona ni bora kuliko mgawanyo tuliouzoea wa data "nyeti" na "isiyo nyeti," ambao kila ofisi huuandika upya na kuufungia kabatini. Kisima, barabara, kalvati, shule, hivyo viko mahali pake na mwenyeji anavijua. Kuvichora ni kumwambia mgeni kile ambacho jirani anakijua tayari. Mahali mtu alipo leo ni habari ya mtu huyo. Kasoro ya kanuni hii ni moja, na mratibu mwenyewe ndiye aliyeifichua, bila kukusudia: vitu tunavyodhani vimetulia navyo huhama.

MRATIBU: Tazama Goma. Kwa miaka tumechora kambi pembezoni mwa mji, Bulengo, Kanyaruchinya, Lac Vert: vyoo, matangi, vituo vya kugawia unga. Kazi ya jasho. Januari 2025 waasi wa M23 wakauchukua mji. Februari wakawaambia wa kambini waondoke ndani ya saa 72. Kambi zikavunjwa, watu wakatawanyika kurudi vijiji ambavyo wengine hawana tena nyumba. Sasa mtu mpya anakuja Goma, anafungua ramani, anaona tangi. Anapanga lori la maji kwenda kwenye uwanja mtupu.

MCHORAJI: Hakuna aliyeyafuta?

MRATIBU: Nani? Mradi wa kuchora ulikwisha. Aliyechora yuko nyumbani hana kazi, au naye amekimbia. Na Kalehe, Kivu Kusini? Mei 2023 mito ilishuka Bushushu na Nyamukubi, ikaua mamia ya watu na kuzoa mitaa mizima. Anayechora leo akipewa picha ya setilaiti ya kabla ya siku hiyo, anachora nyumba za marehemu. Dereva wangu naye anafika mtoni, simu inamwambia vuka daraja, na mbele yake kuna nguzo mbili na maji.

MJUMBE: Daraja lisilokuwepo ni baya kuliko daraja lisilochorwa. Lisilochorwa ungeuliza watu.

Hili ndilo nililokuja kulisema, na mama kanitangulia. Ramani ya misaada hulipiwa siku ya kuchorwa. Siku ya kusahihishwa hailipiwi. Ripoti za miradi hii hutangaza majengo yaliyoongezwa, kilomita za barabara zilizochorwa, idadi ya waliohudhuria kikao cha kuchora chuoni. Sijakutana na ripoti inayojivunia vitu vilivyofutwa, ingawa kufuta kwa haki ni kazi ngumu zaidi: lazima mtu afike, aone hakuna, awe tayari kusema hakuna. Hata Mto Ng'ombe pale Tandale, uliopimwa na vijana kipimo kwa kipimo, baadaye ulichimbwa na kujengewa kingo za zege chini ya mradi wa uboreshaji wa jiji. Vipimo vya zamani vikawa historia. Historia ni nzuri, ila mwokoaji asiiogelee.

MCHORAJI: Mimi ninalo pendekezo, na si la kitaalamu hata kidogo. Jijini kuna mashina, kila shina lina mjumbe, na mjumbe anajua mpaka wake hata kama haujaandikwa popote. Kabla ya masika na kabla ya vuli, mjumbe na kijana mmoja wapite mitaro yao. Kila mtaro, kila kalvati, iandikwe tarehe ya mwisho kukaguliwa. OpenStreetMap inaruhusu hilo tayari. Mratibu akifungua, anaona: hiki kilikaguliwa mwezi jana, hiki hakijaguswa tangu 2016. Cha pili asikitegemee.

MJUMBE: Na bando?

MCHORAJI: Bando lipi, mama?

MJUMBE: Bando la hiyo simu, na viatu vya huyo kijana, na siku yangu ya kuuza vitumbua niliyoiacha. Droni ilipokuja niliambiwa bei yake, nikakaa kimya. Sasa ikifika zamu ya miguu mnasema kujitolea.

MRATIBU: Mama yuko sahihi, lakini mfadhili wangu hataki kusikia. Nikimwandikia "kukagua mitaro ileile mara mbili kila mwaka," ananiuliza mwaka jana nilifanya nini.

MJUMBE: Mwambie mwaka jana mvua ilinyesha, na mwaka huu inanyesha.

MRATIBU: Nitamwambia. Ila hiyo tarehe, binti, kwenu ni dawa, kwetu inaweza kuwa shitaka. OpenStreetMap inaweka hadharani kila badiliko, akaunti iliyolifanya na saa ya kulifanya. Kijana wa Rutshuru akikagua daraja leo, anayetaka kujua nani alikuwa darajani leo anajua.

MCHORAJI: Basi kwenu iandikwe mwezi tu, siku isiandikwe, na mabadiliko yapelekwe kwa mkupuo baada ya wiki kadhaa, kutoka ofisini. Na jina la akaunti si lazima liwe jina la mtu.

MRATIBU: Hapo tunaweza kuelewana. Daraja lililovunjika litachelewa wiki kadhaa kwenye ramani, na dereva nitampigia simu mwenyewe.

MJUMBE: Kwangu msifiche. Jina langu liandikwe lote, na shina langu, na siku niliyopita. Atakayekuja na kazi yoyote juu ya mtaro ule aanzie kwangu, aniambie ameitaka ramani kwa ajili ya nini.